Zamu ya Kubeba

Hofu ilimkuta Elieshi akikata tangawizi.

Ilianzia kooni, kama tonge la moto ambalo mtu ameona aibu kulitema mbele za wageni. Akaweka kisu chini upesi. Alishajifunza, kovu la kidole gumba lilimkumbusha siku aliyojifanya hodari akaendelea kukata. Akajifuta mikono, akaegemea nguzo ya kibanda cha kukaushia, akafumba macho na kungoja.

Ya kooni ilikuwa ya Nakiete. Kila mtoto huogopa kwa mahali pake, na binti yake aliogopea kooni tangu akiwa mdogo. Wakati huu alikuwa darasani. Labda ameitwa ubaoni, labda mwalimu amemtaja jina kwa ukali. Huko juu Nakiete alikuwa amesimama wima anajibu maswali bila kubabaika, na huku chini kwenye kibanda jasho lilimtiririka mama yake mgongoni kama mwizi aliyesikia mbwa.

"Bwana, nishike," alisema Elieshi. Zamani sala zake zilikuwa ndefu, za kuanzia na shukrani na kumalizia na wagonjwa wa kanisa zima. Siku hizi alisali kwa maneno machache, kama mtu anayepanda mlima akiitunza pumzi yake.

Ikapita. Mkanda uliokuwa kifuani, chini ya blauzi, ukapoa. Aliokota kisu, lakini hakukata tena. Alikaa tu akiangalia vipande vya tangawizi vilivyotandazwa kwenye chekecheke, akitamani mtu aje amwambie nenda ukalale.

Nakiete alirudi mchana, viatu mkononi, anaimba.

"Shikamoo mama. Leo amekuja mkaguzi wa shule. Amenisimamisha mimi! Nikamweleza habari ya mvua na mawingu kama namsimulia habari ya mbuzi wetu. Mwalimu Mchome anasema mtihani nitaupita nikiwa nimefumba macho."

"Marahaba. Najua."

"Umejuaje?"

"Nilikuwa na wewe."

Nakiete alicheka, akachukua kipande cha muhogo wa jana na kutafuna. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu kupita mama yake, na uso wake haukuwa na mkunjo hata mmoja. Watu walimsifu kwa uso huo. Elieshi alikuwa amezoea kutoutazama. Hakukuwa na haja. Yote aliyotaka kuyajua yalimfikia kifuani.

*

Ufundi ule uliitwa Mbeleko, na ulipoletwa milimani hakuna aliyeubishia. Ilikuwa baada ya miaka ya maporomoko. Nyumba nyingi zilikuwa zimekwenda na udongo, na watoto waliobaki hawakuweza kulala mvua ikigonga bati. Wengine waliacha kusema. Mzazi gani angeambiwa kuna njia ya kumtua mtoto mzigo ule, akakataa?

Mtoto hupandikizwa punje ndogo nyuma ya sikio akitimiza miaka mitatu. Punje huisikia hofu inapochipuka, kabla mwenyewe hajaitambua, na kuituma kwa mawimbi mpaka kwenye mkanda wa mzazi. Mwanzoni wataalamu walijaribu kuizima tu. Haikukubali kuzimwa. Ilijificha miilini mwa watoto na kurudi ikiwa vidonda vya tumbo na degedege. Ndipo walipotambua kwamba hofu ikishazaliwa lazima mtu aiogope. Basi na aiogope mtu mzima.

Baba Nakiete, ambaye alitunza minara ya upepo kule tambarare na kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi, aliuvaa mkanda kwa wiki moja. "Mke wangu," alisema akiuvua, "mimi kazi yangu iko juu angani. Nikishikwa na hofu ya mtu mwingine nikiwa kule, mtazika wawili." Hoja yake ilikuwa nzuri. Wanaume wote wa kitongoji walikuwa na hoja nzuri.

Na wale watoto walikua. Walisimama mbele ya wakaguzi. Walilala mvua ikinyesha. Walifaulu kuliko watoto wa bondeni, wakachaguliwa shule za mbali, na wakipanda gari hawakulia. Waliolia njia nzima kurudi nyumbani walikuwa mama zao, na si kwa ajili ya kuachana tu.

*

"Pumua," alisema Mrutu. "Tena. Basi, inatosha."

Mrutu alikuwa mtaalamu wa Mbeleko katika kituo cha afya, kijana wa hapo hapo, aliyekwenda kusoma akarudi na miwani. Alikiondoa kipimo kifuani pa Elieshi na kuanza kufuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Sema tu, mwanangu," Elieshi alimwambia. "Uso wako unanichosha zaidi."

"Moyo umepanuka, mama. Unakimbia hata ukiwa umekaa. Nilikuambia mwaka jana umshushe Nakiete, abebe hofu yake mwenyewe. Utaratibu unasema miaka kumi na miwili, mtoto anashushwa. Ukaomba nyongeza, nikakupa. Ukaomba nyingine."

"Ana mtihani."

"Kila mtoto ana mtihani. Akimaliza huo utakuja mwingine."

"Watoto wa mzee Mbwambo walishushwa. Mmoja mpaka leo jua likizama hapiti mlango wa nje. Kijana mzima."

"Alishushwa na miaka kumi na sita," alisema Mrutu taratibu. "Kadiri unavyochelewa ndivyo tetemo la kuanza kuogopa mwenyewe linavyokuwa kali. Na sasa huwezi kumshusha peke yako. Akishapita kumi na miwili, sheria inataka dole gumba lake na lako. Lazima akubali mwenyewe." Alivaa miwani. "Na zamu? Nimesikia gulio la Jumamosi ni lako. Usishike zamu hiyo, mama."

"Nitawaambia nini?"

"Waambie unaumwa."

"Nani haumwi?"

Mrutu alikunja kipimo chake. Yeye ndiye aliyewafungulia wanawake wa kitongoji ile njia ya zamu, na tangu afungue hakupata amani. Mkanda ulikuwa na mlango wa pili, uliowekwa kwa ajili ya dharura. Mama akiingia chumba cha upasuaji, dada yake ambebee mtoto kwa muda. Wanawake walipousikia mlango huo waliufikiria kwa namna yao. Hawa ni watu ambao tangu enzi za mababu huitana kwa baragumu kwenda msaragambo, kazi ya pamoja ya kuchimba mfereji au kutengeneza barabara, na kila nyumba hutoa mtu. Maji yenyewe ya mashamba waligawana kwa zamu. Kwa nini hofu wasigawane? Wakakubaliana: kila siku ya gulio mwanamke mmoja abaki, abebe watoto wa nyumba zote, wenzake wakauze tangawizi yao wakiwa na vifua vyepesi kama wasichana.

Walikwenda kwa Mrutu kundi zima. Akawaeleza kwamba mkanda haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Wakamsikiliza kwa adabu, kisha mmoja akamkumbusha nani alimfuta kamasi wakati mama yake amelazwa. Akafungua milango.

Msaragambo haukosi mtu. Asiyefika hutozwa, na asiyetozwa husemwa, na kusemwa ndiko kubaya. Elieshi alifunga vifungo vya blauzi.

"Baada ya mtihani," alisema. "Nitamshusha baada ya mtihani. Uniombee."

*

Jumamosi wanawake walipita mapema na vikapu vyao. Kila mmoja aligusisha mkanda wake na wa Elieshi, na kila walipogusisha Elieshi alisikia kitu kikitua ndani yake, kama ndege anapotua kwenye tawi ambalo tayari lina ndege wengi.

Mama Tumsifu, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa wa mwisho. Mtoto wake, Tumsifu, alikuwa wa kike, mwenye miaka saba na mapengo mawili.

"Umevimba macho, dada."

"Moshi."

"Haya. Nikuletee dagaa?"

"Niletee usingizi, kama wanauza."

Mama Tumsifu alicheka, akanyoosha mabega, akashusha pumzi ndefu. Elieshi aliijua pumzi ile. Aliivuta mwenyewe kila gulio ambalo halikuwa lake. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hawakukosea. Kwa yule anayeutazama ukienda.

Aliwaambia watoto wacheze uani, wasivuke ua wa minyaa. Wakaitikia kwa pamoja. Kisha, alipoingia kugeuza tangawizi, wakatoka. Hawakuwa watoto wabaya. Watoto waliobebwa hawakutishika, kwa hiyo hawakukatazika. Nakiete, mkubwa wao, alitoka nao.

Hofu ndogo ndogo zilianza kumpitia. Moja ya magoti. Mbili za tumbo. Alipokuwa na mtoto mmoja aliijua hofu kwa mahali pake, lakini wakiwa wengi zilichanganyika. Maji yakishaingia bwawani huwezi kusema haya yametoka mfereji upi. Alikaa kwenye kigoda, akazipokea, akaziacha ziende. Alikuwa anasinzia.

Kisha ikaja moja iliyomsimamisha.

Ilikuwa na baridi. Ilimpanda kutoka nyayoni hadi kidevuni, na miguu yake ikaanza kutafuta ardhi. Ardhi ilikuwepo. Alikuwa amesimama juu yake, udongo mkavu wa uani kwake, na bado miguu ilipapasa kama hakuna kitu chini. Alishika nguzo. Nani? Aliita majina yao kwa sauti, moja baada ya jingine. Ua ulikuwa mtupu. Mkanda haukuwa na la kumwambia ila kwamba kuna mtoto, mahali fulani, anaogopa kufa na wala hajui.

Akatazama tena miguu yake, inavyopapasa. Akaelewa.

"Maji," alisema. "Ee Baba. Maji."

Ndiva, bwawa lao la kukusanyia maji ya mifereji, ilikuwa juu ya kitongoji. Hujaa usiku, na asubuhi huzibuliwa tundu la chini ili maji yaende mashambani. Elieshi alipanda kwa njia ya mbuzi. Moyo ulipiga mpaka masikioni, na hakujua upi ni mpigo wake na upi ni wa mtoto. Mara mbili alipiga magoti. Mara ya pili alifikiri, nikifa hapa hofu hii itabaki kwa nani? Ndiyo iliyomwinua.

Watoto walikuwa wamekaa juu ya ukuta wa ndiva, wamepanga mstari, wakila mapera. Miguu ilining'inia. Mmoja alimpungia mkono.

Tumsifu alikuwa ndani ya maji, yamemfika kidevuni. Mikono yake imeshika jani la gugu lililokuwa linang'oka polepole. Upande wa chini tundu lilikuwa wazi na maji yalizunguka yakivuta. Uso wa mtoto ulikuwa mtulivu, kama mtu anayengoja chai.

Elieshi alijilaza kifudifudi ukutani, akafungua kanga, akairusha. Tumsifu aliitazama kwanza, akachagua pa kushika, akashika. Mtoto wa miaka saba ana uzito mdogo, lakini maji yalikuwa yanamtaka. Elieshi alivuta kwa mikono na meno. Alipomfikisha juu walilala wote wawili kwenye nyasi, mmoja akitetemeka mwili mzima, naye si yule aliyelowa.

"Asante, mama mkubwa," alisema Tumsifu akikamua gauni. "Maji yalikuwa yananivuta."

Elieshi aliinuka akakaa. Akamtafuta binti yake kwa macho. Nakiete alikuwa amesimama pembeni na pera mkononi. Nyuma yake, pale ukutani, kulikuwa na mti mrefu wa kuzibulia tundu. Ungefika.

"Kwa nini hukumvuta?"

"Hakuwa analia."

"Nakiete."

"Kweli, mama. Nilimuuliza uko sawa? Akasema niko sawa, ila siwezi kutoka." Nakiete aliangalia maji, akamwangalia mama yake, na hapakuwa na hila yoyote katika uso ule mzuri. "Nikajua kuna mtu hofu yake imeshamfikia. Leo si zamu yako?"

*

Mama Tumsifu alikuja jioni, dagaa kwenye mfuko. Alipiga magoti akamshika Elieshi miguu, akalia, akamwita mama. Kisha akaketi, akapenga kamasi, na machozi yalipokauka hasira ikapata nafasi.

"Lakini walitokaje, dada? Ulikuwa wapi?"

"Ndani."

"Ungelegea kidogo tu tungekuwa tunaongea habari nyingine hapa."

"Moyo wangu umeharibika," alisema Elieshi. "Mrutu alinikataza zamu."

Mama Tumsifu aliduwaa. "Na hukusema?"

"Ungesema wewe?"

Jirani alichezea fundo la mfuko wa dagaa. Wote wawili walijua kwamba asingesema.

"Namshusha Nakiete," alisema Elieshi.

"Kabla ya mtihani? Dada, umechoka, lala kwanza. Unataka kumtoa mtoto kwenye joto umtupe nje uchi? Mimi nikuchukulie hata huo muda uliobaki. Nipe mimi."

"Ulishika wangapi zamu iliyopita?"

"Wote."

"Ulilala siku ngapi baada yake?"

Mama Tumsifu alifuta pua kwa kanga. Baadaye alisema kwa sauti ya chini, "Wangu simshushi. Baada ya leo, simshushi kabisa. Angeyavumiliaje yale maji kama angekuwa anayaogopa?"

"Angepiga kelele," alisema Elieshi. "Na yule wangu angesikia."

Alipobaki peke yake alisali, safari hii kwa kirefu. Hakuomba nguvu. Aliuliza jambo moja: je, namshusha mtoto kwa faida yake, au kwa sababu nimechoka? Aligeuza swali hilo huku na huku mbele za Mungu kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Hakupata jibu alilolitaka. Kilichomjia ni kumbukumbu ya mama yake mzazi, akifungua mbeleko ya kitambaa njiani kutoka shamba, akimsimamisha chini na kusema, sasa tembea, mgongo unaniuma. Na yeye alitembea.

Nakiete alikuwa jikoni anachambua dagaa.

"Nimesikia," alisema bila kugeuka. "Siweki dole gumba, mama. Baada ya mtihani labda. Nimeona wale walioshushwa. Wanakojoa vitandani."

"Wengine."

"Mimi nimezoea kuwa hivi. Nikisimama mbele za watu, ninasimama. Kwani inakusumbua? Siku zote unasema haikuumi."

Hilo ni kweli. Elieshi alikuwa amesema hivyo tangu mtoto akiwa na miaka mitatu. Ulikuwa uongo wa mapenzi, na ulikuwa umemlea binti asiyejua kwamba kila ujasiri wake una mtu anayeutolea jasho. Alivuta kigoda.

"Leta mkono," alisema. Akaweka kidole cha Nakiete juu ya kovu lake la gumba. "Hii ni siku ulipoimba kanisani peke yako. Nilikuwa nakata tangawizi." Kisha akautia mkono ule juu ya kifua. "Hapa ni wewe wa kila siku. Sikusimulii ili unihurumie. Ukiweka dole gumba kwa kunihurumia tu, sitakwenda na wewe kwa Mrutu."

Nakiete aliuacha mkono pale pale. Chini yake moyo wa mama ulikuwa unakimbia, na mama mwenyewe alikuwa ameketi kitako.

"Ni mimi huyu?"

"Sasa hivi ni wewe. Unaogopa kushushwa."

"Sisikii chochote."

"Najua."

Macho ya Nakiete yalijaa maji. Aliyafuta kwa mkono wenye magamba ya dagaa, akayashangaa. "Na hii je? Mbona imebaki kwangu?"

"Hiyo siyo hofu," alisema Elieshi. "Hiyo hawajaitengenezea mkanda."

Nakiete alichambua dagaa watatu, wanne.

"Tumsifu," alisema hatimaye. "Ule mti ulikuwa hapo nyuma yangu. Niliuona, mama. Nilijua ni mti. Sikujua ni wa nini." Akasukuma sahani. "Ningekuwa naogopa, ningejua?"

Elieshi alitaka kusema ndiyo. Alikuwa amechoka hata kudanganya.

"Labda," alisema. "Wengine huogopa wakakimbia. Lakini ungekuwa na la kuamua."

*

Mrutu alipokea madole gumba mawili, akazima punje, akaufungua mkanda. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Elieshi alisikia ubaridi kifuani, kama ule wa mgongoni mama anapomshusha mtoto aliyemlowesha jasho. Nakiete alikuwa amekaa kitandani, akiangalia mlango. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo mama yake hakuwahi kuisikia, kama huo mlango umefungwa au umerudishwa tu.

Tetemo lilikuja kama walivyoonywa. Aliogopa kuku, aliogopa giza chini ya kitanda, aliogopa wanafunzi wenzake wasije wakamcheka, na walimcheka. Kwenye mtihani, mwalimu Mchome alisema, aliandika jina lake na kufuta, akaandika na kufuta, mpaka karatasi ikatoboka. Alijibu nusu. Njiani kurudi alitapika. Watu walimtazama Elieshi kanisani na kugeuza macho, na Mama Tumsifu aliacha kupitisha moto ukutani.

Elieshi alilala. Hilo lilimtia aibu, jinsi alivyolala. Aliamka na uzito ule ule wa mifupa, lakini moyo ulikuwa unatembea. Kilichomchosha sasa ni kutojua. Mtoto aliingia na kutoka, na kifua chake kilikuwa kimya kama redio iliyokatika. Ikambidi aanze kumtazama usoni. Aligundua kwamba Nakiete hung'ata shavu kwa ndani. Aligundua kwamba swali "habari za shule" halimfungui mtu. Alikuwa mama kwa miaka kumi na mitatu, na alijifunza kama mgeni.

Alasiri moja, ukungu ukiwa umeanza kushuka, alikuwa shambani anapalilia aliposikia ukelele.

Aliusikia kwa masikio. Ulitoka upande wa ndiva, umepasuka katikati kama ungo, na ulikuwa unasema, "Tumsifu! Shuka! Shuka hapo!" Elieshi alilitupa jembe kabla hajafikiri. Alipanda njia ya mbuzi kwa mwendo wake, akipumzika palipohitaji kupumzika.

Aliwakuta kwenye nyasi, mbali na ukuta. Nakiete alikuwa amemshika Tumsifu mkono kwa mikono yake yote miwili, na miguu yake ilikuwa inagongana.

"Mama mkubwa, dada ananifinya," alisema Tumsifu. "Nilikuwa natembea tu juu ya ukuta. Akapiga kelele, uso wake ukawa hivi," na akauigiza, macho nje, mdomo wazi. "Ndiyo nikashuka. Nilifikiri anaumwa."

"Nenda nyumbani," Elieshi alimwambia. "Pita njia ya juu. Mwambie mama yako umeshushwa ukutani na Nakiete."

Mtoto alikwenda, akirukaruka, akijaribu ule uso mpya.

Nakiete hakuachia mikono. Ilibaki imeshikana yenyewe kwa yenyewe. Elieshi, kwa mazoea, aliweka kiganja kifuani pake. Hapakuwa na habari. Akakiondoa, akaketi, akamvuta binti yake aketi, na akamtazama usoni bila haraka.

"Unaogopa nini?"

Nakiete alitazama bwawa. Chini yao maji ya mifereji yalikuwa yameanza kuingia ndivani, kidogo kidogo, kama kila jioni.

"Ni vingi," alisema. "Sijui nianzie wapi."

"Anza popote," alisema mama yake. "Tunao muda mpaka ndiva ijae."